Fimbo Iliyo Nyuma ya Mlango

Nyamizi, mama yangu,

Salamu za karatasini sina, kwa sababu asubuhi hii umeniamkia shikamoo, nikakuitikia marahaba, na uji tumekunywa wa sufuria moja. Wewe sasa uko Itetemia unawaaga shangazi zako. Mimi nimekaa uani, jua bado liko juu, na mama yako anakaanga karanga zako za safari huku akinitazama kama askari anayemlinda mfungwa. Amesema sitaonja kitu mpaka barua iishe. Basi ukiona mahali nimeharakisha, jua ni njaa.

Habari ya sweta, na ya kutolala na nywele mbichi, na ya kutopokea chai kwa mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kusema mara nyingi hata kuku wetu sasa wanaweza kwenda Ulaya wakarudi salama. Mimi nina jambo moja tu. Ni la fimbo.

Jumapili baada ya misa ulisimama nje ya kanisa, padre kando yako, watu wamekuzunguka, ukasema: "Nitakwenda na fimbo ya baba. Huko chuo cha uuguzi nitawaonyesha, wajue kwamba binti huyu mweusi, baba yake alitunukiwa na mfalme wao." Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikakohoa. Wakadhani ni machozi ya furaha, mmoja akanipa leso.

Usiwaonyeshe, mwanangu. Au waonyeshe, lakini usiseme hayo. Mfalme wa Waingereza sikumwona hata kisigino. Nimemwona kwenye stempu, kama ulivyomwona wewe. Fimbo ile alinipa mchunga kondoo. Kila mtoto wa Kiingereza anaijua, kile kichwa chake kilichopinda ni cha kumnasia kondoo mguu. Ungekuwa kama mtu anayeingia Tabora na mwiko wa ugali, ameushika kwa mikono miwili, anatutangazia kwamba alitunukiwa na mtemi. Tungemcheka mpaka mbavu ziume. Na kukucheka wewe, huko peke yako, sitaki. Kukucheka ni kazi yangu.

Sasa umekwisha kukasirika. Kasirika, lakini endelea kusoma, maana uwongo nimeuweka mbele na mazuri yako nyuma.

Unajua kwamba nilikwenda Ulaya na Bwana Nyuki. Huyo ndiye aliyeletwa na serikali kutazama habari za nta na asali, naye alinikuta mimi ni kijana wa kupanda miti na kutundika mizinga katika miombo ya Goweko. Tulizunguka misitu pamoja miaka mingi. Kisha macho yake yakaanza kufa, kwanza la kushoto, halafu la pili likamfuata mwenzake. Akasema, "Nipeleke kwetu. Ukinifikisha na kunikalisha, utarudi." Nikakubali upesi. Babu yako alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu, na enzi zao mwanamume ambaye hajafika pwani aliitwa mtoto hata akiwa na mvi. Mimi nilitaka kufika mbali kuliko baba. Nilimbeba mzungu badala ya pembe, basi.

Meli nakuachia uione mwenyewe. Nitakuambia bonde.

Kwao Bwana hakukuwa mjini. Tulishuka treni kwenye stesheni ndogo kuliko ya Goweko, tukapanda gari, tukaingia kati ya vilima viwili, na nyumba yao ilikuwa huko chini, yeye na dada yake, Bibi Edisi, mwanamke mwembamba mwenye funguo nyingi na mlango asioufunga kamwe. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje. Nyamizi, mimi ni mtu wa domo, unanijua. Siku ile nilisimama kama gogo.

Kijani chake si hiki chetu kinachokuja na mvua kikaondoka kama mgeni. Kilikuwa kimekaa, kina kwao. Nyasi fupi, nzito, zimefunika vilima vyote mpaka juu, kama mtu ametandika mkeka akaukung'uta na kuunyoosha kila pembe. Nikavua viatu. Niliona aibu kukanyaga mkeka wa watu na viatu. Na maji! Kijito kinapita katikati ya bonde, safi, unaona mawe chini, na hakuna mtu anayekimbilia kukinga. Nilikaa kando yake nikingoja wanawake waje na ndoo. Hawakuja. Nikamfikiria mama yangu, yule uliyerithi jina lake, alivyokuwa akichimba mchanga kwa kata mwezi wa kumi apate maji ya tope, na haya hapa yanapita bure, yanajisemea yenyewe. Sikujua kama nicheke au nimshtaki Mungu. Padre asisome mahali hapa.

Na kimya. Hapa kwetu hata usingizini kuna kinu cha mtu, kuna mbuzi, kuna nyenje. Kule nilimsikia kondoo akitafuna nyasi, yeye yuko ng'ambo ya ukuta. Jua nalo lilikuwa halijui kwenda nyumbani. Saa tatu ya usiku bado linatutazama! Nilimhurumia jirani yetu Mzee Salumu. Ramadhani ikimkuta huko, atazikwa kabla ya futari.

Bwana alikuwa akikaa kwenye benchi mbele ya nyumba, uso ameuelekeza bondeni asikoona tena. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha porini, "Niambie unaona nini."

Nikamwambia kila kitu. Ukuta wa mawe usio na udongo, ukungu umelala juu ya kijito kama moshi wa mzinga, kanisa lenye kofia iliyochongoka. Akawa anakunywa maneno. Nikaona ananisikiliza mno, shetani akanigusa.

"Na sasa naona twiga, Bwana."

"Twiga?"

"Anakunywa maji. Ameipanua miguu yake ya mbele, kama kawaida yake."

"Mwongo wee!" Alicheka mpaka Bibi Edisi akatoka na mwiko kutazama nini kimempata ndugu yake. Alisema baadaye kwamba hakuwa amemsikia akicheka tangu tufike.

Kila siku ikawa hivyo. Namweleza bonde lake, natia mnyama mmoja wa kwetu, yeye anamkamata. Kumbuka jambo hili, maana nitalirudia.

Siku ya nne au ya tano niko barabarani, nikaona gari kubwa jeusi linakuja, la mwenye shamba, tajiri wa pale. Mara kondoo wakajaa barabara, mia na zaidi, na nyuma yao mzee mmoja, mrefu, koti limefungwa kwa kamba, mkononi fimbo hii yenye kichwa cha pembe, na mbwa anayekwenda kwa mluzi wake kama karani. Gari likasimama. Likazima hata injini! Tajiri ndani yake akainua mkono kusalimu na kungoja. Yule mzee hakuharakisha hata hatua moja. Akainua fimbo kidogo tu, hivi, akapita.

Mwanangu, mimi nimezaliwa Unyamwezi. Mwenye mifugo mingi, mwenye fimbo, ambaye gari la mzungu linamsimamia njiani, huyo ni nani? Ungekuwa wewe ungesema nini?

Nikarudi mbio kwa Bwana. "Leo nimemwona mtemi wenu!"

"Yukoje?"

Nikamweleza. Akatabasamu, akauliza, "Na wewe umekwisha kumsalimia?"

Nikashtuka. Babu yako alinifundisha: ukiingia nchi ya mtu, kabla hujachota maji yake, unakwenda kwa mtemi na hongo, zawadi ya kuombea njia. Misafara iliyojifanya haijui ilichomwa kambi. Na mimi nilikuwa siku tano nikinywa maji ya watu! Nilikuwa na kibuyu kidogo cha asali ya Goweko, nilichokibeba niwe nakilamba nikikumbuka nyumbani. Kesho yake nikapanda kilima nacho.

Alikuwa amekaa juu ya ukuta. Nikasimama hatua kumi, nikachuchumaa, nikainamisha macho, nikapiga makofi yetu, yale ya viganja vilivyojikunja, polepole, mara tatu. "Mwangaluka, mtemi." Nikasukuma kibuyu mbele kwa mikono miwili.

Nikasikia upepo, nikasikia mbwa anahema. Nilipoinua macho alikuwa amesimama, amevua kofia, ameishika kifuani, na upara wake ulikuwa mweupe kama yai, kwa sababu kofia ile haikuwa imezoea kutoka. Akashuka ukutani, akachovya kidole katika asali, akalamba.

"Inanukia moshi," akasema.

"Ya kwetu ndivyo ilivyo," nikamjibu kwa Kiingereza changu cha jikoni.

"Mimi Tomu," akasema.

Mtemi Tomu. Likanikaa vizuri.

Mtemi akipokea hongo hurudisha kitoweo, hilo lazima. Asubuhi ya pili, mlango wa jiko ukagongwa, Tomu huyo, mkononi ana sungura wawili aliowatega. Nikajiambia, si ng'ombe kama wa watemi wetu, lakini desturi anaijua! Nikawapika kwa karanga. Tangu hapo nikawa nakwenda kwake kilimani kila siku. Hatukuwa na maneno mengi. Alinifundisha mluzi wa mbwa. Nikapiga, mbwa akanitazama, akakaa chini, akajikuna. Tomu alicheka kwa mabega tu, bila sauti. Jioni moja ukungu ulifunika bonde lote, tukawa sisi wawili juu yake na vilele vya vilima vimetoka kama viboko majini. Tukakaa mpaka ukaondoka. Katika maisha yangu nimewahi kuingia makanisa matatu na msikiti mmoja, na sijawahi kuogopa vizuri hivyo.

Sasa nakuja kwenye aibu, na mama yako ameona nimepunguza mwendo, amenionyesha karanga na kuzirudisha.

Mwezi wa pili, niko jikoni namenya viazi na Bibi Edisi, nikamwambia, "Leo mtemi amesema mvua itanyesha."

"Nani?"

"Mtemi. Tomu."

Akaweka kisu chini. Akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama unavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba. "Tomu ni kibarua," akasema. "Kondoo si wake, ni wa mwenye shamba. Hata chumba anacholala si chake. Gari husimama kwa sababu ya kondoo. Kondoo hawajui kupisha."

Masikio yakaniwaka moto. Nikamwendea Bwana benchini. "Ulijua!"

"Nilijua."

"Ukaniacha niende kumchuchumalia kibarua! Umenifanya kichekesho cha bonde zima!"

Bwana akaugeuza uso kuelekea kilimani. "Nimemjua Tomu tangu mimi mtoto," akasema. "Sikuwahi kumvulia kofia hata siku moja. Wewe ulimwona siku moja tu ukamjua. Nikajiambia, labda macho ya huyu ni mazima kuliko yangu yalivyokuwa."

Maneno mazuri. Sikuyataka. Nilikuwa nimeumia. Na kilichoniuma, mama, nimekijua miaka mingi baadaye: mtoto wa mpagazi, mpanda miti asiyemaliza hata darasa la pili, nimeona haya kwamba nimemheshimu mtu anayefanana na baba yangu. Baba alibeba pembe zisizo zake mpaka mabega yakaota sugu kama kwato. Tomu alichunga kondoo wasio wake. Kama angekuwa tajiri, ningejivunia makofi yangu. Ni umaskini wake tu ulioniudhi.

Sikupanda kilima tena. Wiki tatu, Nyamizi. Kila asubuhi Tomu alisimama juu ya ukuta wake, akainua fimbo kunisalimia, na mimi chini nikajifanya nafunga kifungo cha shati. Shati lilikuwa na vifungo vitano. Nilivifunga na kuvifungua mpaka kimoja kikakatika. Baada ya siku kadhaa akawa anainua fimbo nusu. Baadaye akawa anasimama tu.

Na kwa Bwana, aliponiuliza benchini ninaona nini, nikawa namweleza bonde lote namruka Tomu. Bwana kipofu yule nilimtilia twiga kwa mzaha, na kila mara alimkamata. Siku niliyoanza kumficha mtu halisi hakusema kitu. Alikuwa anajua.

Ikafika siku ya kurudi. Bwana alikuwa amekwisha kujua kutembea nyumbani mwake kwa kupapasa. Gari linanipeleka stesheni, tumefika pale penye kona, kondoo wakajaa barabara. Gari likasimama. Tomu akaja kati ya kondoo wake wasio wake, akafika dirishani. Hakuwa na neno la kunilaumu. Akavua kofia. Akaipitisha fimbo dirishani, ikaingia yote mpaka ikagusa mlango wa pili, nami nikaipokea.

Ulikuwa wakati wa kushuka. Ulikuwa wakati wa kuchuchumaa pale barabarani, kwenye mavi ya kondoo, nipige makofi matatu. Mikono yangu ilikuwa imeshika fimbo. Nikasema "Thenkyu," kama karani wa posta. Kondoo wakapita, gari likaondoka, nikageuka nikamwona amesimama katikati ya njia, mkono wake wa kulia unatafuta kitu cha kuegemea.

Picha hiyo ndiyo niliyokuja nayo mpaka Tabora. Nashuka treni, ndugu wamejaa stesheni, shangazi yako mkubwa akapiga kelele, "Na hiyo fimbo ya ajabu umepewa na nani?" Ningesema nini? Ningesema, nimepewa na mtu niliyemkataa? Mdomo ukafunguka wenyewe: "Na mfalme." Vigelegele! Kabla sijafika nyumbani uwongo ulikuwa umenitangulia, umekaa, umeandaliwa chakula. Kwa ajili ya fimbo hiyo nilipewa kiti barazani. Kwa ajili yake babu yako wa Goweko alinipa mama yako; alisema mtu aliyetunukiwa na mfalme hawezi kumlaza binti yangu njaa. (Leo binti yake ndiye anayenilaza mimi.) Mama yako alijua mwaka wa kwanza tu, nilisema usingizini. Akaninyamazia. Lakini Jumapili ulipotoa hotuba yako aliniambia njiani, "Baba Nyamizi, uwongo wako umekua, sasa unataka kusafiri na mwanangu. Mwandikie."

Basi nimeandika.

Bwana Nyuki alikufa zamani. Bibi Edisi bado yuko, kila Krismasi analeta kadi. Umeziona, zile zenye ndege mwenye kifua chekundu. Hukuwahi kusoma nyuma yake kwa sababu nazificha. Kila mwaka anaandika mstari uleule mwishoni: Tomu anakuulizia. Ya mwaka huu imesema haendi tena kilimani, miguu imekataa. Anawekewa kiti langoni, anatazama kondoo wakipita na kijana mwingine. Mimi kila mwaka hujibu, nawasalimu wote. Wote! Neno zuri la kujifichia.

Anwani iko nyuma ya kadi, nimeifunga pamoja na barua hii.

Huko uendako utaambiwa na wengi, huyu mkubwa, huyu si kitu, huyu pita naye mbali. Hata wewe utawekwa mahali, na huenda pasiwe pazuri. Sikuelekezi. Nilichoona mimi ni kwamba nilipofika bondeni sijui kitu, nilisalimu vizuri, nilipoelekezwa, nikaharibu.

Sasa nakuomba, na ombi si amri. Siku watakayokupa nafasi, panda treni uende bondeni kwetu. Vua viatu kidogo ukanyage yale majani, uniambie kama niliyakuza. Halafu nenda langoni. Simama hatua kumi. Chuchumaa, usiogope sketi, inama, viganja vijikunje kama nilivyokufundisha ulipokuwa mdogo tukimchezea babu yako, polepole, mara tatu. Mwambie, mwangaluka, mtemi. Kisha mpe fimbo yake kwa mikono miwili. Ukiwa na nafasi sandukuni, mama yako ameweka na kibuyu cha asali. Mwambie bado inanukia moshi.

Watu wakikucheka, waambie baba yako ndiye aliyeanza.

Lakini wewe ni binti wa watu, si mpagazi wangu. Ulilelewa na baba aliyetunukiwa na mfalme, na leo nimekunyang'anya baba huyo siku moja kabla ya safari. Ukiona mzigo huu haukuhusu, au ukiona haya kwa ajili yangu, iache fimbo mahali pake, nyuma ya mlango. Sitauliza, wala mama yako hatauliza. Barua hii nimeiweka juu ya sanduku lako la bati, huwezi kulifungua bila kuisoma.

Kesho asubuhi nitaamka kukusindikiza stesheni, na kama kila siku nitanyoosha mkono nyuma ya mlango kutafuta cha kuegemea. Nakuombea heri, mama yangu. Na mimi niombee, mkono wangu ukifika pale, ushike hewa.

Ni mimi baba yako, mwenye njaa.